Simu ya Sekirite

Hapa Goma neno sekirite, Kifaransa cha usalama, halina usalama wowote ndani yake. Ukiambiwa fulani ni mtu wa sekirite, yaani mpelelezi wa dola, unashusha sauti na kukumbuka kwamba umeacha sufuria motoni. Nililijua hilo tangu utotoni. Kisha nikaenda chuo kikuu, nikalisahau.

Jirani yangu wa mtaa wa Keshero hukusanya maneno ya wanawake waliotendewa mabaya. Wanakaa sebuleni kwake, wanasema, naye anarekodi kwa simu. Hofu yake ilikuwa barieri, kizuizi cha barabarani: askari achukue simu, aifungue, asikilize. Mimi, mwalimu na msomi wa mtaa, nikaleta dawa. Niliondoa mfumo endeshi uliokuja na simu, nikaweka mwingine ambao msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua, na ambao hufunga kila kitu kama mlango wa chuma. Jirani akaanza kulala usingizi.

Mwanahabari wa redio moja ya hapa akasikia. Alikuwa amesoma makala ya ng'ambo iliyodai kwamba simu zenye mfumo huo ni za wauza dawa za kulevya, akanitafuta nimjibu. Nilivaa koti. Kwenda redioni, ambako hakuna anayekuona, nilivaa koti.

Niliongea dakika arobaini. Nilisema ni kama mama anayepika sombe, yaani kisamvu, mbele ya wageni wote: kila mtu anaona kinachoingia chunguni, sumu itapitia wapi? Nilijipenda sana kwa mfano huo. Mwishoni akaniomba nifupishe.

"Ni mfumo wa sekirite," nikasema, "tena wa bure."

Dakika arobaini zikawa sentensi moja: mwalimu mmoja wa Keshero anagawa bure simu za sekirite. Ikasomwa asubuhi, mchana na jioni. Ukurasa mmoja wa mtandaoni ukainakili na kuongeza picha ya kamera za ulinzi. Hakuna aliyenipigia. Hakuna aliyesoma hata mstari mmoja wa maelezo ambayo dunia nzima inaruhusiwa kuyasoma. Kazi yote ya watu wale ni kuuliza, na hawakuuliza!

Nikaenda kudai masahihisho. Mwanahabari akanichezea sauti yangu mwenyewe.

"Papa, njo maneno yako. Ni weye ulisema sekirite."

"Nilitaka kusema usalama!"

"Sasa si ungesema usalama? Weye njo mwalimu."

Kuhusu masahihisho, akaniambia hayana wasikilizaji.

Wiki ile jirani alikuwa akimngoja mama mmoja wa mtaa wa Mapendo, aliyechukua mwaka mzima kukubali kusema. Nilikuwapo alipofika. Hakuvuka kizingiti; aliiona simu mezani, kioo chake hakifanani na cha simu nyingine.

"Mama, iyi njo ile ya kwa redio?"

"Hapana, mama. Hii inaficha maneno yako," jirani akamjibu.

"Hata bale ba sekirite banaficha." Akakaza kitenge, akaondoka.

Jirani yangu hakupiga kelele. Alinisogezea simu.

"Muzee, rudisha ile mufumo ya zamani."

"Ile askari ataifungua kwa dakika moja."

"Ya askari nitaona kule kwa barieri. Hapa bamama habakuye tena."

Niliurudisha, maana kweli wanawake walikuwa wameacha kuja. Haikuchukua hata saa nzima kuubomoa ule mlango wa chuma, na simu ikaamka ikituonyesha matangazo ya kamari. Jirani akampelekea mama wa Mapendo ujumbe. Siku ya nne alirudi, akaitazama simu, akaona inafanana na yake, akaketi. Mimi nilitoka nje. Kupitia dirishani nilisikia ameanza kusema, taratibu, kwa sababu sasa alijiona salama.

Jumatatu jirani yangu alipita barieri na sauti ile mkobani, ndani ya simu ambayo kidole chochote kingeifungua. Hawakumsimamisha. Safari hiyo. Mimi nilikuwa mezani nikiiandikia redio barua yangu ya tatu, na neno usalama nimelipigia mstari mara mbili, kalamu ikatoboa karatasi.