Landkruza ya Mageti Kumi na Saba

Gari na mwenye gari waliondoka siku moja, kwa hiyo Glenys Noske hakupata nafasi ya kumlilia mmoja kabla ya mwingine. Ilikuwa mwezi wa tano. Ross, mume wake wa miaka thelathini na sita, alikwenda kuzungukia visima peke yake kwa sababu Glenys alikuwa kitandani anaumwa jino. Kwenye geti la kumi na moja alifanya kile ambacho kila mfugaji wa huku hukifanya akiwa hana wa kumfungulia: aliweka gia nzito kuliko zote, akateremka, akaliacha gari litambae na kupita lenyewe huku yeye ameshika geti. Alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka kumi na minne. Siku hiyo tairi la mbele likadaka mfereji, usukani ukazunguka, gari likakata kona na kumbana kwenye nguzo. Kisha likaendelea na safari yake, polepole vilevile, mpaka likatumbukia korongoni.

Sasa ulikuwa mwezi wa kumi, na Glenys alikuwa hajalia. Watu walimwambia kwamba analia kwa ndani. Alijaribu kutazama huko ndani, hakuona kitu. Ilikuwa kama shavu baada ya sindano ya daktari wa meno: unajua lipo, unaligusa kwa kidole, lakini halikujibu.

Kila wiki tangu msiba, shemeji yake Darryl, mdogo wake Ross, alikuja na gari lake kumpeleka kwenye visima. Mageti kumi na saba, kuanzia lile la barabarani mpaka kisima cha mwisho. Kila mahali walihakikisha kwamba pampu inavuta na birika la kunyweshea lina maji, maana kondoo elfu moja na mia nane hawana mto wala bwawa. Lakini Darryl ni dereva wa lori la mifugo, na mwezi wa kumi na moja alitakiwa kaskazini mpaka Krismasi. Joto lilikuwa linakuja. Birika likikauka siku mbili katika joto la huku, unazika.

"Nisikilize, Glen," alimwambia. "Upate gari unaloweza kuliendesha peke yako na kulitengeneza peke yako. Ukilipata, nakwenda zangu kaskazini. Usipolipata, nageuza lori, napakia kondoo wako, tunauza. Tamsin ameshakutandikia kitanda."

Tamsin ni binti wa Glenys, yuko Adelaide. Kitanda kilikuwa kwenye chumba cha nyuma, dirisha linatazama ukuta wa jirani. Glenys alilala pale wiki nzima baada ya mazishi, na kila asubuhi aliamka akisikiliza pampu ambayo haikuwapo.

Gari jipya lilikuwa nje ya uwezo wake. Na hata lingekuwa ndani ya uwezo, magari mapya yamejaa kompyuta. Likizima kwenye geti la tisa, utaliombea dua tu. Alihitaji Landkruza ya zamani, ya dizeli, ile ambayo mtu mwenye spana tatu na kipande cha waya hufika nayo nyumbani.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo walikuwa kwenye yadi ya Kelvin Pfitzner, muuza magari ya mitumba, nje kidogo ya mji wa Orroroo. Kelvin alikuwa na kitambi cha kuheshimika na kofia iliyokwisha kusahau rangi yake.

"Shemeji," Darryl alimnong'oneza walipokuwa wakishuka, "ukisikia nakohoa, ujue usinunue."

"Wewe unakohoa siku zote."

"Basi nitakohoa mara mbili."

Kelvin alivua kofia. "Pole sana, Mama Noske. Ross alikuwa mtu."

"Asante."

Kelvin akarudisha kofia kichwani, akamgeukia Darryl. "Haya, mnatafuta nini?"

"Muulize yeye."

"Anatafuta nini?"

"Kelvin," Glenys alisema, "mimi niko hapa."

Walikuwa na Landkruza tatu za kutazama. Ya kwanza ilikuwa ya buluu, imepakwa rangi upya, inang'aa mpaka nzi walikuwa wanateleza. Kelvin alipitisha kiganja kwenye boneti kama anayempapasa farasi wa mashindano.

"Utajiona humu vizuri kuliko kwenye kioo cha chumbani kwako."

"Sina haja ya kujiona," Glenys alisema. Akachukua bisibisi mfukoni mwa Darryl, akalala chali kwenye changarawe. Miaka thelathini na sita alimmulikia Ross tochi akiwa chini ya magari. Macho yake yalikuwa yamejifunza kazi hiyo bila yeye kuyatuma. Akaingiza bisibisi kwenye tundu la chesisi, akachokonoa. Kutu ikadondoka vipande vipande, kama maganda ya kitunguu.

"Hili lilikuwa linavua samaki," alisema akiwa chini.

"Labda mara moja mbili mwenyewe alilipeleka kwenye chumvi ya ufukweni," Kelvin alisema.

"Mara moja mbili kwa wiki, kwa miaka ishirini," Darryl alisema, akakohoa.

"Mara mbili," Glenys akamkumbusha.

Akakohoa tena.

Ya pili ilikuwa rangi ya mchanga, na Glenys alipoiona alisimama. Ilikuwa pacha wa gari la Ross: pikapu ileile ya mwaka themanini na tatu, kreti ileile ya chuma ya kupakilia nyuma, hata bampa limepinda upande uleule. Ilitoka kwenye shamba la kondoo kule juu ya mji wa Hawker. Chesisi ilikuwa kavu na nzima, vumbi jekundu limejaa kila pembe, vumbi la bara ambalo haliozeshi chuma. Darryl aliwasha injini, akaisikiliza ameinamisha kichwa, na hakukohoa kabisa.

Glenys alizunguka akaenda upande wa abiria. Hakufikiria; huo ndio upande wake. Huku abiria ndiye anayefungua mageti, iwe mvua, iwe jua, awe mke, mgeni au mkwe. Hakuna anayeuliza. Mtoto wa miaka mitano akiweza kufikia komeo, ameajiriwa.

Mlango ulikuwa umelegea bawaba. Alipoufungua ulishuka upana wa vidole viwili, na alipotaka kuufunga, nyonga yake ya kushoto ilikwenda yenyewe, ikaunyanyua, ukaingia. Akaufungua tena, akapanda, akakaa. Kiti kilikuwa na bonde. Mpini wa kushikilia mbele ya abiria ulikuwa umechubuka rangi mpaka kwenye chuma. Kwenye kisahani cha majivu kulikuwa na karatasi za pipi za mnanaa zilizokunjwa ndogo ndogo, kwa uangalifu, kama anavyozikunja mtu mwenye safari ndefu na msemaji mmoja kando yake.

Mke wa mtu alikuwa amekaa hapa.

Darryl alikuja dirishani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Glen. Hili ni lilelile."

"Naona."

Alisubiri kitu kije. Aliweka kiganja juu ya ule mpini akasubiri, kama unavyosubiri bombani ukijua tangi lina maji. Hakikuja.

"Nataka kujaribu breki ya mkono," alisema.

Kelvin alipandisha gari kwenye mwinuko wa zege wa kupakilia, akavuta breki ya mkono, akateremka na kusimama pembeni amekunja mikono. Gari lilitulia. Wakahesabu kama pumzi tatu. Kisha likaanza kurudi nyuma. Halikwenda kasi, lilikwenda kwa adabu, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya mahubiri kwisha. Darryl, aliyekuwa nyuma yake, aliruka pembeni kama kijana. Kelvin aliparamia ndani akakanyaga breki.

"Hiyo ni ya kukaza tu, dakika kumi!" alipiga kelele kutoka ndani. "Nani huku anatumia breki ya mkono? Mtu unaweka gia nzito, unaliacha lita—"

Akavua kofia.

"Samahani, mama."

"Hakuna neno," Glenys alisema. Na kweli hakukuwa na neno.

Breki ingeweza kukazwa, hilo alilijua. Lakini aliinama akautazama mpini wake, ule wa kuvuta kutoka chini ya deshibodi. Ulikuwa mpya. Miaka arobaini ya mageti, na mpini ulikuwa kama umetoka dukani leo. Mume wa yule mwanamke wa pipi hakuwahi kuhitaji kuuvuta. Alikuwa na mtu.

"Lile kule?" aliuliza.

"Lile hulitaki," Kelvin alisema.

"Lile hatulitaki," Darryl alisema, na akaanza kukohoa mapema.

La tatu lilikuwa nyuma ya tangi la maji, kijani kibichi kilichochujuka mpaka kikafanana na majani makavu. Kelvin alipoliwasha lilitoa moshi mweusi ulioficha nusu ya yadi.

"Linavuta kuliko mimi," Darryl alisema.

"Nozeli za dizeli," Glenys alisema. "Nozeli najua kubadilisha."

Alilala chini, akachokonoa. Chuma kilimjibu kwa mlio mkavu, tingi, tingi, kila mahali. Akainuka akaenda upande wa abiria, akafungua mlango, akausukuma kwa kidole kimoja. Ulijifunga kama mlango wa jokofu. Kiti cha abiria kilikuwa bapa, kama hakuna aliyewahi kukikalia.

Akazunguka. Mlango wa dereva ulikuwa unaning'inia.

"Huo ndio ugonjwa wake," Kelvin alisema kwa aibu. "Bawaba zimekwisha kabisa. Naweza kukutafutia mlango mwingine."

"Lilikuwa la nani?"

"La Clarrie Heinjus. Alikuwa anakagua uzio wa dingo, ule wa kuwazuia mbwa mwitu."

"Na nani?"

"Peke yake. Miaka thelathini na moja. Hata mbwa wake alikaa nyuma."

Glenys alichungulia chini ya deshibodi. Mpini wa breki ya mkono ulikuwa umelika, umeng'aa kama kijiko cha zamani, umechukua umbo la vidole.

"Alikufa lini?"

"Nani, Clarrie?" Kelvin alicheka. "Afe nani! Yuko Port Augusta kwenye nyumba ya wazee, ana miaka themanini na nane, anagombana na wauguzi kwamba chai yao ni maji ya kuoshea vyombo."

Walilipandisha kwenye zege. Mara hii Glenys ndiye aliyeendesha, ndiye aliyevuta ule mpini, vidole vyake vikikaa mahali palipokwisha kutengenezwa. Akateremka. Darryl aliweka mgongo kwenye kreti akasukuma. Kelvin akaja na kitambi chake akasukuma. Gari halikutikisika.

"Nalichukua," Glenys alisema.

"Glen, lile la pili injini yake ni muziki," Darryl alisema. "Na lile... lile ni kama la kwenu."

"Ndiyo sababu, shemeji. La kwetu lilikuwa la watu wawili."

Darryl alitoa sigara, akaitazama, akairudisha. "Mlango huo utakusumbua."

"Najua."

Aliendesha kurudi kwao jua likiwa upande wa kulia, madirisha wazi kwa sababu ya moshi. Magari mawili yalipishana naye, na kila dereva aliinua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, naye akainua chake. Wa pili alikuwa jirani yao; aliona kichwa cha yule mtu kikigeuka kumtazama yeye, mwanamke aliyekaa upande wa dereva. Kwenye njia panda Darryl alipiga honi akaenda kwao, na Glenys akaingia barabara ya vumbi.

Alifika kwenye geti la kwanza, akasimama. Injini ilikuwa inanguruma. Mbele yake mnyororo ulikuwa kwenye ndoano yake, kama kawaida, na mbele ya mnyororo nyasi kavu, kama kawaida. Alikaa. Alitazama mbele kwa muda, mikono kwenye usukani, kabla hajaelewa kwamba alikuwa anasubiri mlango wa kushoto ufunguke na yule mwanamke wa upande wa abiria, yeye mwenyewe wa siku zote, ateremke akafungue.

Mkono wake ulikwenda kwenye gia. Ulijua njia, alikuwa ameuona mkono wa Ross ukiipita mara elfu. Gia nzito kuliko zote, kisha unateremka tu. Angekuwa nyumbani mapema. Aliuacha mkono pale kidogo, akautazama kama wa mtu mwingine. Kisha akauondoa, akavuta ule mpini mpaka mwisho, akazima injini.

Ukimya uliingia kutoka madirisha yote mawili.

Aliteremka, akafungua geti, akarudi, akawasha, akapita, akavuta mpini, akazima, akateremka, akafunga geti, akapachika mnyororo. Gari lilikuwa limesimama palepale alipoliacha, likimngoja. Alirudi, akafungua mlango kutupa kofia ndani, na mlango ukashuka vidole vitatu. Kwa mazoea nyonga ya kushoto ilijaribu kwenda kuufunga, lakini upande huu haikuwa na nafasi. Ilibidi ageuke, aunyanyue kwa nyonga ya kulia, mara ya kwanza haukuingia, mara ya pili ukaingia, na nyonga ikauma kidogo, mahali ambapo haikuwa imezoea kuuma.

Alisimama akaisikiliza ile nyonga ikimjibu. Kisha akaufungua tena, akapanda. Yalikuwa yamebaki mageti kumi na sita.