Mbeleko ya Bi Zamzam

Kacha! Hata alipozeeka, Fikirini hakuusahau mlio huo wa kitasa. Ilikuwa mwaka hamsini na sita, akikata kona ya Msimbazi na teksi yake, mlango wa nyuma wa kushoto ulipofunguka wenyewe na kapu la machungwa la abiria likaruka nje. Machungwa yakabingirika hadi miguuni mwa watu wa sokoni. Watu wakacheka, wakaokota, wengine wakamenya papo hapo. Fikirini hakucheka. Asubuhi ile, mahali pa kapu, alikuwa ameketi mama mjamzito.

Gari lilikuwa kuukuu, na bawaba za milango yake ya nyuma zilikaa upande wa nyuma. Kitasa kikiachia, upepo huupindua mlango kama mtu ameuvuta. Fundi Elisaria wa Mchikichini alilala chini ya gari, akatoka anajifuta grisi.

"Breki zimekwisha, na kitasa kimekufa. Kwa fedha yako, chagua kimoja."

"Ungekuwa wewe ungechagua kipi?"

"Mimi? Ningechagua kwenda kwa miguu."

Fikirini akachagua breki. Kuufunga mlango kwa kamba, askari wa barabarani alikataa: gari likiwaka moto, abiria atatokea wapi? Na kuliegesha mpaka apate fedha ya kitasa, nyumbani wangekula nini? Ndipo mkewe, Sikudhani, akamletea kitambaa kipana, kizito, kilichopauka. Ilikuwa mbeleko aliyopewa na mama yake, Bi Zamzam, alipojifungua mtoto wa kwanza. Ile ile iliyombeba Sikudhani mwenyewe alipokuwa mchanga. Fikirini akaipitisha kwenye vyuma vya kiti, na kila aliyeketi upande wa mlango mbovu akamzungushia tumboni na kumkazia fundo.

Kariakoo ikapata la kusema.

"Gari la wachanga hilo!" Shaibu, dereva mwenzake, alipiga kelele kituoni. "Njooni kwangu, jamani, kwangu hamnyonyeshwi!"

Melkiori, mwenye duka la jumla, aliteremka kabla gari halijaondoka. "Mimi baba wa watoto sita, Fikirini, unanifunga mbeleko mbele ya wateja wangu? Nikianguka, si nimeanguka mimi?"

Abiria wakapungua, kisha wakakatika. Fikirini alikaa kwenye boneti akitazama wenzake wakipakia. Gari lile lilikuwa jasho lake la miaka ya kukata mkonge, na sasa aliliona linamponyoka. Siku ya Ijumaa akaifungua mbeleko, akaikunja, akaisukuma chini ya kiti. Kila mtu na roho yake, alijiambia, ingawa moyo haukutulia.

Mara akamwona Bi Zamzam anakuja kituoni. Tangu alipooa, Fikirini hakuwahi kumtazama mama mkwe wake usoni; wakikutana uchochoroni, hugeuka akapita kwingine.

"Shikamoo, mama," alisema, macho kwenye tairi.

"Marahaba, baba. Nipeleke Magogoni nivuke. Dada yangu wa Kigamboni anaumwa." Akaingia, akaketi upande ule ule wa mlango mbovu. "Mbeleko yangu iko wapi?"

Fikirini akaitoa, akaipitisha kwenye vyuma, kisha mikono ikamganda. Amzungushie mkwewe tumboni?

"Haya, mfunge mkweo tuone!" Shaibu akasema.

Bi Zamzam akanyoosha mkono. "Lete huku. Mwanangu nilimfunga kwa sababu alikuwa mtoto. Mtu mzima anafungwa na nani? Anapewa, akitaka anajifunga." Akakaza fundo lake, akachungulia dirishani. "Na wewe Shaibu unayecheka, mama yako alikubeba kwenye nini, gunia?"

Kicheko kilicholipuka safari hii hakikuwa cha kumcheka Fikirini.

Walipokaribia Magogoni, baiskeli ilikatiza mbele. Fikirini akakanyaga breki, zikashika, akazungusha usukani. Kacha! Upepo ukaingia garini. Gari liliposimama aligeuka, na kwa mara ya kwanza akamtazama mkwewe usoni. Alikuwa kitini, kanga imemvuka kichwani, mikono yote miwili juu ya fundo.

"Breki zako nzuri," alisema Bi Zamzam, akihema.

Toka siku hiyo Fikirini hakumfunga mtu tena. Alimpa abiria ncha mbili za kitambaa na kumwambia, "Mlango huu mbovu. Ukipenda, jifunge." Asiyependa alihamia upande wa pili. Wengi walijifunga, hata Melkiori, aliyejifunga huku akilalamika fundo linamharibia shati. Masika ilipokwisha, Elisaria akatia kitasa kipya.

Sikudhani aliifua mbeleko, akaifukiza udi. Fikirini akaibeba mwenyewe hadi kwa Bi Zamzam, akampa kwa mikono miwili. Hakuinamisha macho.

"Na mimi umenibeba, mama," alisema, kwa sauti ndogo sana.