Pamba Iliyogusa Jicho

Jumanne saa nne asubuhi, mama mmoja mkulima kutoka Nakivale alinyanyuka tena kwenye benchi tulilokalia katika kliniki ya macho mjini Mbarara, akitaka kuondoka. Alipokuwa akipura maharagwe, ganda lilikuwa limemchoma jicho la kulia. Lilikuwa jekundu, na kioo chake cha mbele kilikuwa na ukungu.

"Hainiume," alimwambia nesi. "Bale benye kulia bapite. Gari ya Nakivale itaniacha."

Alikuwa ameshampisha mzee aliyekuwa akigumia.

"Wewe uko na sukari?" nesi aliuliza.

"Niko nayo, mu damu. Hii ni jicho, dada."

Nesi alisokota pamba ikawa na ncha nyembamba, akamwambia atazame juu, akaligusa jicho lile. Sisi wote kwenye benchi tulipepesa macho. Mama hakupepesa.

"Ndiyo hiyo sukari," nesi alisema. "Imeua mishipa ya kusikia maumivu. Kidonda iko, kupona ni polepole, na wewe husikii."

Akasokota pamba nyingine, akagusa jicho la kushoto, lile lisilo na kidonda. Nalo halikupepesa.

Mama akakaa. "Kumbe inanikula kimya," alisema.

Foleni zetu za wagonjwa huenda kwa sauti: anayelia hupita, anayenyamaza husifiwa kwa uvumilivu. Siku hiyo aliyestahili kutangulia ndiye aliyekuwa akiwapisha wenzake.

Gari la Nakivale liliondoka saa saba. Mama alikuwa bado ndani, akitiwa dawa.