Kasi ya Anyesi

Kwa miaka mingi, ukitaja mbio ndefu za wanawake Dodoma, ulikuwa unamtaja Yasinta. Mchana alishona nguo kwenye kibaraza cha duka huko Chang'ombe. Alfajiri alikimbia, na wenzake walizoea kuuona mgongo wake. Ndiye aliyempokea Anyesi, msichana aliyekuja kutoka Mlali na begi moja, akamlaza chumbani kwake na kumpa raba zake za zamani. Anyesi akamwita dada, na dada akafurahi kupata mtu wa kumfundisha.

Furaha hiyo iliishia asubuhi moja kwenye barabara ya Ipagala. Yasinta alisikia pumzi nyuma yake, kisha ubavuni, kisha akaziona raba zake mwenyewe zikimpita.

"Twende, dada!" Anyesi alisema, bila kejeli yoyote, na hilo ndilo lililomchoma Yasinta zaidi.

Tangu siku hiyo hakuwa na raha. Alimchunguza mwenzake akila, akinywa maji, hata akicheka. Kocha Thobias alipomsifia Anyesi mbele ya klabu yao ya riadha, Yasinta aliinama kufunga kamba za viatu ili asilazimike kupiga makofi. Siku moja wakijinyoosha uwanjani, akamwambia Hilda, mkimbiaji mwenzao, "Hivi kasi ile inatokana na ugali na mlenda tu?"

"Unataka kusema anatumia dawa?"

"Mimi sijasema kitu. Nimeuliza tu."

Haikupita wiki, klabu nzima ikawa inauliza.

Kwenye mashindano yaliyofuata Anyesi alimaliza wa kwanza, Yasinta wa pili kwa mbali. Maofisa wa kupima dawa za kuongeza nguvu walikuwa wakimsubiri mshindi. Walimwambia anaweza kuingia na mtu mmoja anayemwamini. Anyesi akaangaza macho, akamshika Yasinta mkono.

Ndani, ofisa wa kike alieleza kwamba ni lazima amwone kwa macho yake akitoa mkojo. Anyesi aliingia chooni, akatoka mikono mitupu. Akanywa maji, akajaribu tena.

"Dada, hautoki. Watadhani kuna kitu naficha."

"Tulia, mdogo wangu. Kunywa taratibu," Yasinta alisema huku akimpapasa mgongo. Moyoni alikuwa akiomba: Mungu wangu, wakute kitu, hata kidogo tu.

Hatimaye mkojo ulipatikana, ukagawanywa kwenye chupa mbili, zikafungwa kwa lakiri.

Majibu yalipokuja, kocha aliwakusanya. "Ni msafi. Hakuna kitu." Aibu haikuwa ya kwanza kumfika Yasinta. Kilichotangulia ni hasira: kumbe kasi ile ilikuwa ya Anyesi kweli.

Lakini maneno hayakukoma. "Siku hizi kuna dawa hazionekani kwenye vipimo," watu walinong'ona, wengine wakimnong'oneza Yasinta mwenyewe kama habari mpya. Anyesi alifungasha, akarudi Mlali.

Kwenye mashindano ya baadaye Yasinta alishinda. Alipoutazama muda wake, akajikuta anaulinganisha na wa Anyesi. Hata asipokuwepo, Anyesi alikuwa mbele yake. Wiki ile ile akapanda basi kwenda Mlali.

Alimkuta uani akipukuchua karanga na mama yake. Yasinta akamwamkia mama, shikamoo, wakasalimiana vizuri, na mama alipoingia jikoni akasema, "Anyesi, yale maneno niliyaanzisha mimi."

"Najua. Hilda aliniambia kabla sijapimwa."

"Kabla? Sasa mbona ukanichagua mimi niingie na wewe?"

Anyesi aliendelea kupukuchua. "Nilitaka uone kila kitu mwenyewe. Usije ukasema tumebadilisha chupa."

Yasinta aliinama, akachukua karanga, akaanza kupukuchua.

"Rudi," alisema. "Nitawaeleza wote."

"Waeleze. Nitakimbia, dada, ila si na wewe."

Yasinta aliporudi akawaeleza, amesimama mbele ya klabu. Hilda aliangalia pembeni. Baadhi waliamini, baadhi hawakuamini. Anyesi akajiunga na klabu ya Singida, na mwaka uliofuata alishinda mbio zilizopita katikati ya Dodoma. Yasinta alimaliza nyuma sana siku hiyo. Hilda akamsogelea, akauliza kwa sauti ya chini, "Unamwonaje yule?"

Wivu uleule wa zamani ulimrudia Yasinta.

"Ana mbio," Yasinta alijibu, akaenda kutafuta maji ya kunywa.