Mpangaji wa Mipira Isiyodunda

Nyumba yangu sikupewa na mume wala na serikali. Niliijenga kwa ng'onda, samaki mkavu niliyekuwa nikimpeleka Namoto, mpakani, kuwauzia Watanganyika, na shule yangu iliishia klasi ya pili. Nalisema hili mapema ili ujue kwa nini mtu akiitazama nyumba ile kwa jicho refu, mimi humtazama yeye kwa refu zaidi.

Gesi ilipoonekana baharini, mji wetu wa Palma, huku Msumbiji, ukajaa wageni, kila mwenye chumba akapangisha. Mimi nilimpata mzungu mmoja, kazi yake kusoma picha za miamba iliyo chini ya bahari. Kiswahili alikipata Mtwara. Na Mtwara alikuwa akitafuta nini? Gesi hiyohiyo.

Uani nilikuwa nimeanza vyumba vipya, msingi tayari, fundi anangoja neno langu anyanyue kuta. Lakini maneno yalikuwa yamezagaa kwamba watu watahamishwa kupisha mitambo ya gesi, na hakuna aliyejua ni wa mtaa gani. Nikijenga wakabomoa, jasho langu limekwenda. Nisipojenga, kiwanja kitupu ndicho huchukuliwa kwanza.

Siku moja naingia kufagia chumba chake, mezani nakuta mipira. Imeundwa kwa vitofali vya plastiki, vile vya watoto, vyenye vichunusi juu na matundu chini, kimoja kinang'ata kingine. Mmoja kama chungwa, mwingine kama dafu. Nikaushika ule mkubwa: mzito, haudundi, ngozi yake vidaraja vidaraja. Mtu mzima, hana mke, hana swala, anajifungia ndani kuunda mipira.

Nikamwita jirani yangu aje achungulie.

"Shoga, umepangisha jini," akasema. "Hayo si matangi ya gesi? Kwenye mkutano wa kampuni hawakutuonyesha picha ya meli iliyobeba mipira mgongoni? Huyu anapima yatakaa wapi."

"Yatakaa kwako, mwenye kiwanja kikubwa."

"Kwako ndiko anakolala, bibi."

Akaenda zake akicheka. Mimi sikucheka.

Mzungu aliporudi kutoka kazini nikabeba kiti mpaka mlangoni pake, nikakaa.

"Mwanangu, hii ni nini?"

"Mchezo tu, mama."

"Ndani mna nini?"

"Hamna kitu."

"Fungua."

Akasema ukifunguliwa vibaya utamwagika wote. Nikamwambia na umwagike. Akabandua kipande cha juu, kikatoka kizima kama kifuniko cha chungu. Kumbe ndani si duara. Ndani mna sanduku la pembe nne, na kila ubavu wa sanduku umebandikwa kipande chake, vichunusi vimetazama nje. Ndivyo wanavyoupata mviringo. Nikatia kidole sandukuni. Tupu kweli.

Mwingine angeridhika. Mimi shaka ilizidi. Kitu chenye sura moja nje na nyingine ndani nimekiona sana sokoni, na kila mara aliyeumia ni mnunuzi.

"Nyumba yangu imo kwenye ramani zenu?"

"Mimi ni wa baharini, mama. Nchi kavu ina watu wake."

"Sikukuuliza kazi yako."

Akautazama mlango kabla ya kujibu. "Sijui."

Mtu asiyejua hujibu upesi, hana cha kuchagua. Huyu alichagua.

Asubuhi nikamwambia fundi anyanyue kuta, za matofali ya saruji, udongo sitaki kuuona. Mpangaji alikuwa uani akipiga mswaki, nikamwita asikie.

"Chumba hiki kikiisha utahamia wewe. Wenzako wakija kubomoa, wakukute ndani."

Akacheka, povu limemjaa mdomoni.

Bati la vyumba vipya lilipopigwa niliingia chumbani kwake bila kubisha, nikakishika kitanda chake upande wa kichwani.

"Kumbe hukuwa unatania, mama."

"Shika miguuni," nikamwambia, "na uinue vizuri, usinikwaruzie ukuta."