Ukungu kwenye Kioo cha Uaisele

Kalolaine anachapa picha Neiafu, mji wetu wa kisiwani, nyuma ya soko. Fremu na vioo ananunua kwangu, mimi Sitani, ndiyo maana mambo yake nayajua, na ndiyo maana siku ile niliitwa pamoja naye.

Alianza na printa ya mtumba na wino wa bei ya kutupa. Mwaka wa kwanza ulimtoa jasho. Maharusi aliowachapa walianza kugeuka rangi ya chungwa ukutani, na mama zao wakaja kumpigia kelele kibandani. Hakukimbia. Alibadilisha wino, akajifunza. Leo ukienda kwake atakwambia bila kupamba: picha ukiibandika wazi karibu na dirisha, upepo huu wa chumvi utaimaliza kabla mtoto hajaota meno. Iweke nyuma ya kioo, mbali na jua, kioo kisiguse karatasi, na shada bichi la maua usiivishe picha, ivishe fremu. Hapo wajukuu wataikuta.

Kitu kimoja tu alikuwa hajakipata bado, nacho kilikuja na msiba wa Uaisele.

Uaisele alifariki ghafla, na kwetu maiti haingoji. Kalolaine alichapa picha kubwa asubuhi, akaifunga kwenye fremu ikiwa bado mbichi, na kabla ya mchana ilikuwa imesimama juu ya mikeka, kichwani pa marehemu. Kila mtu aliisifu.

Wiki ya pili tukaitwa. Mjane, Tokilupe, alikuwa amekaa mlangoni, hataki kuingia ndani. Alikuwa hali chakula, na macho yamemwingia.

"Anapumua," alisema. "Kila nikiamka, pumzi imezidi kwenye kioo."

Nikasogea. Kweli, ndani ya kioo kulikuwa na ukungu, na haukuwa ovyo ovyo. Ulikuwa na umbo. Nywele, mabega, kifua. Sura ya pili ya Uaisele, nyeupe, imesimama mbele ya ile ya kwanza. Mimi si mtu wa kutishika, lakini nilirudi nyuma hatua moja.

Dada wa marehemu, Siuila, alikuwa ameketi pembeni. Kwetu neno la shangazi wa watoto ndilo la mwisho, hata juu ya mjane.

"Kaka yangu amelala vibaya," alisema. "Mzizi umemchoma kaburini. Jumamosi tunafukua, tumlaze upya, ndipo atamwacha mjane."

Tokilupe akageuka pale mlangoni. "Shangazi, usinifanyie hivyo. Nikimwona vile alivyo sasa, nitamfuata."

Kalolaine aliiangalia tena fremu. Alinivuta nje, mkono wake ukiwa baridi kama samaki.

"Sitani, umeiona ile sura?"

"Nimeiona. Usiniambie na wewe unaamini."

"Sijui ninachoamini. Ninachojua niliifunga mbichi." Akachungulia mlangoni. "Wino una majimaji yanayotoka polepole. Karatasi hii ina plastiki nyuma, hayana pa kutokea ila mbele. Zile picha za ubatizo nilizozitia kwenye mifuko haraka, zilitoka zinanata."

"Basi rudi kamwambie."

"Nimwambie haraka yangu ndiyo iliyomfanya kaka yake mzimu? Atanila."

"Akule wewe, au afukue mtu. Chagua."

Tukarudi. Kalolaine alieleza kwa sauti ndogo kiasi kwamba nikaona nimsaidie.

"Shangazi Siuila, tazama. Mdomoni hakuna kitu. Ukungu uko kwenye nywele na koti, kule kweusi, kulikokula wino mwingi. Kola nyeupe iko safi. Kaka yako alikuwa anapumua kwa nywele?"

"Mchuuzi, funga huo mdomo kabla sijakufungia," alisema Siuila. Lakini alitazama kola. Kisha akamgeukia Kalolaine. "Kama ni wino, chapa mtu mwingine. Mtu aliye hai. Mfunge mbichi vilevile. Mchape mama yako."

Kalolaine akamsogelea. Mama yake alikuwa kitandani, akiugua kifua.

"Kwa nini mama yangu?"

"Kwa sababu ukiweka picha ya nguruwe sitakuamini."

Nikaona biashara inaharibika, nikaomba muda. "Basi kaburi lingoje mpaka Jumatatu. Ukifukua Jumamosi, Jumapili utaimba kanisani na udongo wa kaka yako kwenye kucha."

Alinitazama kwa chuki, lakini akakubali Jumatatu.

Mama mwenyewe alifurahi. "Nivisheni blauzi nyeusi," alisema, "na mnichane. Nikifa mtajua wino wenyewe mbaya."

Binti hakucheka. Alichapa, akafunga fremu ikiwa bado mbichi, akaiweka kibandani mahali pa vuguvugu. Tangu hapo hakuwa mtu. Kioo kikibaki safi, kaburi linafukuliwa na Tokilupe anaharibika. Kikipata ukungu, basi sura ya pili ni ya mama yake, kama ya mfu. Ijumaa kilikuwa safi. Jumamosi kilikuwa safi, na mama akakataa chakula. Kalolaine aliniomba nitoe picha kwenye fremu. Nilikataa, maana kule kwa Tokilupe majembe yalikuwa yameshaegemezwa ukutani.

Jumapili baada ya ibada alifungua kibanda. Nilisikia mlango ukibamizwa, kisha nikamwona anakimbia, viatu mkononi, kuelekea nyumbani. Nikachungulia. Nywele, mabega, blauzi. Yote meupe kwenye kioo.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya kitanda. Mama alikuwa amelala kimya, uso ukutani. Hata mimi nilisimama mlangoni.

"Umeniletea chakula," ikasikika sauti kutoka ukutani, "au umekuja kunihesabia pumzi?"

Siuila alikuja mwenyewe. Alitazama kioo kibandani, kisha akaenda nyumbani akamfinya mama kidole cha mguu hadi akatukanwa. Akaondoka bila kuaga. Kwa Tokilupe hakuturuhusu tuguse fremu ya Uaisele. Aliifungua kwa mikono yake, akafuta kioo kwa pindo la gauni lake jeusi, akalinusa pindo.

"Si harufu ya mtu," alimwambia Tokilupe. "Ingia ndani."

Jumatatu majembe yalirudi shambani. Kaburini walifagia mchanga tu. Tokilupe alikula kidogo, kisha tena.

Sasa Kalolaine hafungi picha mbichi hata umlilie. Anaifunika kwa karatasi ya kawaida, anaibadilisha ikishanyonya, siku kadhaa, na kwa msiba anakupa picha ya zamani uzikie hiyo kwanza. Kati ya picha na kioo anaweka ukingo wa kadibodi, nao ananunua kwangu.

Mama yu hai, anagombana na nguruwe wa jirani. Lakini ile fremu yake iko kibandani hadi leo, imegeuziwa ukuta, na ukungu wake ndani. Nilimwambia Kalolaine aifute, fremu nzuri inakaa bure.

"Iguse uone," alisema.