Sampuli Nyekundu za Shemeji Robert

Herieth wa Makambako ni fundi wa sare. Anashona sare za shule na majoho ya kwaya, na alipokuwa akija Guangzhou hakuja kununua nguo zilizokwisha kushonwa kama sisi tunaosukumana soko la nguo la Shisanhang. Alikuja kwa ajili ya vifungo, zipu, beji na vitambaa. Ni mjane, mtu wa taratibu, na akicheka huziba mdomo kwa kiganja. Tulikuwa tukipanga chumba kimoja mtaa wa Xiaobei, mimi na yeye, tunapika pamoja na tunasali pamoja kabla ya kutoka. Ninaandika habari hizi kwa sababu watu wanauliza kwa nini Herieth haendi tena China, na wengine wanajibu kwa maneno ambayo si ya kweli. Mimi nilikuwepo.

Anayefanya biashara huku anajua kwamba sampuli ndiyo mdomo wako. Wewe hujui Kichina, Mchina hajui Kiswahili, basi unaweka kifungo juu ya meza, unasema "laoban", yaani bosi, unanyoosha kidole, naye anaandika bei kwenye kikokotoo. Ukimletea hata sketi kuukuu atakutolea nyingine mia zinazofanana nayo. Ndiyo maana kila anayesafiri hubebeshwa sampuli za watu: kipini cha mlango, kofia ya chupa, mguu wa kiti. Ukikataa, unaambiwa siku hizi unaringa. Na ukianza kumhoji ndugu yako hiki ni nini na kile ni cha nini, unaonekana humwamini.

Safari yake ya mwisho Robert, mdogo wake marehemu mume wa Herieth, alimletea kifuko kidogo. Robert anafanya kazi Arusha kwa mzee mmoja mgeni mwenye kambi ya watalii. Alimwambia, "Shemeji, ni vitu vya bosi wangu. Mwambie Mchina atoe hivi hivi, uzito huu huu, na rangi isibanduke. Rangi ndiyo muhimu." Herieth alidhani ni vizito vya kushona kwenye pindo la mapazia ya mahema, yasipeperuke. Akavichanganya na vifungo vyake vya shaba katika kopo moja, akapanda ndege.

Hata mimi niliviona, na nikavisifu. Kila kimoja kilikuwa kama ncha ya kidole changu cha mwisho, kizito kuliko unavyokitazamia, chini bapa, juu butu, na tumboni kimezungukwa na mfereji mwembamba. Vilikuwa vyekundu, vinang'aa kama kucha za bibi harusi. Nilisema, "Hivi hata kwenye mkoba vingependeza."

Herieth alivipiga picha, akaituma WeChat kwa wauza vifungo anaofahamiana nao. Kisha tukaenda kwa yule tunayemwita Mama Vifungo, mama wa Kichina wa rika letu, ambaye huwa anampa Herieth maji ya moto na kumkalisha kwenye kigoda kama ndugu. Alikigeuza kimoja, akakipima kwenye mizani, akasema anaweza. Herieth akamwachia hicho kimoja, tukarudi chumbani.

Kesho yake asubuhi Mama Vifungo alituma ujumbe, na simu ikautafsiri vibaya vibaya, lakini tulielewa. Alikuwa anauliza tundu la uzi lipite wapi. Herieth akampigia Robert, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie.

"Shemeji, Mchina anauliza tundu likae wapi, ubavuni au juu?"

"Tundu la nini?"

"La uzi. La kushonea kwenye pazia."

Robert alicheka mpaka akapaliwa. "Pazia gani, shemeji! Hivyo ni vichwa vya risasi. Vya bastola!"

Nilimrukia Herieth, nikaifunika simu kwa kanga kama mtu anayezima moto. Kuta za vyumba vya Xiaobei ni nyembamba, na wapangaji wenzetu wengi wanasikia Kiswahili. Robert yeye aliendelea tu, na sauti yake ikawa inatoka ndani ya kanga.

"Msiogope, si risasi kamili. Havina ganda, havina baruti. Mzee wangu ana revolva, ile bastola ya kuzunguka, na ana kibali, anapigia shabaha klabuni. Risasi zake anajitengenezea mwenyewe. Maganda yaliyokwisha kupigwa anayaokota na kuyajaza upya, halafu juu anapachika kichwa. Hivyo vichwa tunavisubu wenyewe, mimi na yeye, tunayeyusha madini ya risasi na kuyamimina kwenye kalibu. Zamani alikuwa anavipaka nta, moshi unajaa na mtutu unachafuka. Sasa tunapaka rangi ya unga tunaoka kwenye oveni, inashika kama ya bakuli. Hiyo rangi ndiyo inazuia madini yasigande ndani ya mtutu. Kazi yote naifanya mimi, shemeji, na ule mvuke wa madini unaniua kichwa. Nikasema Wachina wanatengeneza kila kitu, si watutengenezee na hivi?"

"Robert," Herieth akasema polepole, "uliniambia ni vitu vya bosi wako."

"Kwani ni vya nani?"

Herieth akakata simu. Alikaa kitandani, mikono katikati ya magoti. Mimi nilisema "Damu ya Yesu" nikashindwa kuendelea, maombi yote yalinikimbia. Kopo lilikuwa pale juu ya meza, karibu na mkate.

Tukamwita Dismas. Ni kijana wa Kitanzania aliyesoma hapa hapa Guangzhou, sasa ana mke na anafanya kazi ya kargo, Kichina anakiongea kama kwao. Hatukumwambia kitu kwenye simu, tulimwambia tu njoo, dada yako anaumwa. Alipofika na kuona kilichomo kwenye kopo hakukigusa. Alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa mlango.

"Mama zangu, mnataka kuniua? Nchi hii bunduki ya kuchezea tu inaweza kumfunga mtu. Hivi mlivipitishaje uwanja wa ndege?"

"Vilikuwa na vifungo," Herieth akasema.

"Na dukani mlivipeleka kwa teksi?"

"Kwa metro," nikasema mimi, na papo hapo nikakumbuka ile mashine ya ukaguzi mlangoni mwa treni ya chini ya ardhi, ambayo kila mkoba lazima upite ndani yake.

"Mungu ni mwema," Dismas akasema. "Lakini msimjaribu tena. Picha hamjatuma kwa mtu?"

Herieth akampa simu. Dismas alitazama, akatelezesha kidole, akatazama tena, kisha akakaa kitandani bila kukaribishwa.

Nitasema ukweli, wazo langu mimi lilikuwa moja tu. Ndege ya Herieth ilikuwa kesho. Nilisema tuvifunge kwenye taka tukavitupe, yeye akae ndani, kesho aende zake kwa amani. Dismas akauliza tutavitupa wapi ambapo hakuna kamera. Akasema, "Hata hivyo akiondoka kimya kimya, huenda hakuna atakayejua."

Herieth aliinua uso. "Na Mama Vifungo je?"

"Kile kimoja kipo kwake. Polisi wakikiona watamuuliza yeye, na yeye hajui kitu. Atasema Mwafrika alileta, watamwambia yuko wapi, na mimi niko Makambako nakunywa chai."

"Dada, una watoto," nikamwambia.

"Na yeye anao. Nimewaona wanafanya kazi za shule chini ya meza yake." Akasimama, akajifunga kitambaa kichwani, vidole vinashindwa fundo. Nilimfungia mimi. "Twende kabla sijaishiwa nguvu."

Dismas alisema vile vingine tuviache chumbani. Nilivitia ndani ya sufuria nikafunika, Mungu anisamehe, kana kwamba ni maharage. Dismas akabaki mtaani Dengfeng, jirani na chumba chetu, akasema atasaidia kwa simu, na ikibidi atakuja. Sikumlaumu, ana mke.

Tulipanda metro mikono mitupu. Hata hivyo, mlinzi aliponyoosha mkono kutaka mkoba wa Herieth, uliokuwa na kitabu cha nyimbo na pasi ya kusafiria tu, Herieth alimpa kama anayekabidhi mtoto mgonjwa. Ukapita, tukaupokea. Ndani ya treni nilihisi kila anayetazama simu anaitazama ile picha.

Duka la Mama Vifungo lina ubao mkubwa wa sampuli unaotazama njia wanayopita wateja. Vifungo vyote vimepangwa pale kwa rangi. Tulipokata kona, Herieth alinishika mkono akanifinya mpaka kucha zikaingia. Kile kitu kilikuwa katikati ya ubao. Mama Vifungo, bila kungoja jibu letu, alikuwa ameshakitoboa, amekipitishia uzi wa dhahabu na kukitundika mahali pa heshima, mbele ya kila mtu. Pale tundu lilipopita, rangi nyekundu ilibanduka, na ndani pakaonekana kijivu kinachometameta. Mwenyewe alitupokea kwa tabasamu, akakinyooshea kidole, akainua dole gumba.

Juu ya ubao, darini, kulikuwa na kamera.

Herieth alikitungua kile kitu, akakifumbata, akampigia Dismas, akaweka sauti ya juu na kumpa Mama Vifungo simu. Nilimtazama usoni yule mama akisikiliza. Kwanza alikuwa anacheka. Kisha kicheko kikabaki mdomoni lakini macho hayamo tena. Kisha akaitazama ngumi ya Herieth. Alipiga yowe fupi, akakimbilia mlango wa chuma wa duka akaushusha nusu, tukawa gizani. Akaanza kusema kwa haraka, analia, anapiga kikokotoo kwenye meza, anamsukuma Herieth begani kwa vidole viwili kama mtu anayesukuma kitu kichafu.

"Anasema nini?" Herieth akauliza simu.

"Anasema atawaita polisi," sauti ya Dismas ikajibu. "Dada, tokeni hapo. Mlango uko nusu wazi, tokeni sasa hivi!"

Na mimi miguu ilishaanza kwenda. Naapa ilikuwa inakwenda yenyewe.

Herieth akavuta kigoda, kile kile cha wageni, akakaa. Akakiweka kile kitu chekundu mezani, mbele yake, akaondoa mikono. "Mwambie awaite," akasema. "Mwambie mimi nakaa hapa mpaka waje. Mwambie nitasema nilileta mimi, na yeye alidhani ni kifungo."

Dismas akatafsiri. Mama Vifungo akaacha kupiga meza. Akafuta pua kwa mkono, akachukua simu yake akawapigia polisi.

Kungoja kule siwezi kukuelezea ukakuelewa. Nje watu wanapita wanaongea bei, wanaburuta mizigo yao, na sisi wanawake watatu tumekaa kwenye giza tunakitazama kitu kidogo kama pipi. Herieth alikuwa anasema zaburi kimoyomoyo, naona midomo. Nami nilikuwa nasikiliza viatu, kila vilipopita vizito moyo ulisimama. Halafu vikaja vilivyosimama kweli.

Walikuwa polisi vijana wenye glavu. Walikipiga picha, wakakitia kwenye mfuko pamoja na uzi wake wa dhahabu. Hawakumfunga Herieth pingu, lakini walimshika kila mmoja upande wake, na vile alivyo mfupi alionekana kama anayeninginizwa. Mama Vifungo naye walimchukua. Mimi niliwapeleka mpaka Xiaobei, nikafunua sufuria mbele yao kwa mikono yangu, huku mwenye nyumba akinitazama kutoka ngazini. Hapo ndipo Dismas alipotokea. Uso ulikuwa umempauka, lakini alikuja, akaingia nasi garini ili akatafsiri.

Walimhoji Herieth mpaka jua likaelekea kuzama. Mimi nilikuwa kwenye benchi la nje, nimeomba kila namna niliyofundishwa na namna nyingine ambazo sikufundishwa. Dismas alitoka akanisimulia. Afisa mkubwa alimuuliza jambo moja tena na tena: kama hujui ni nini, kwa nini ulirudi? Na Herieth alijibu vile vile kila mara, "Nilirudi kwa sababu mama huyu hana kosa." Wakampigia Robert, wakazitazama picha na kusikiliza maneno yote ya simuni. Mwisho afisa akasema hawatamfungulia kesi. Ataondoka kesho na ndege yake, jina lake limeshaandikwa, na China haji tena.

Ndugu zangu, huku ndiko ulikokuwa mkate wake. Lakini alipotoka pale mlangoni nilimkumbatia kama aliyetoka kaburini, na nguo yake ilikuwa imelowa jasho mgongo mzima.

Mama Vifungo alitolewa baada yake. Alipita karibu nasi bila kutazama, akafika ngazini, akasimama. Akarudi. Kola ya sweta ya Herieth ilikuwa imejikunja ndani, pale waliposhika. Yule mama aliinyoosha, akaipigapiga ikatulia, akaenda zake.

Hapo Herieth akakaa kwenye ngazi za watu. Simu yake waliyomrudishia ikalia, ujumbe wa sauti umeingia. Alikuwa Robert, sauti yake ya furaha: "Shemeji, nimepigiwa na Wachina hapa, wananiuliza maswali mengi kweli. Wamekubali kutengeneza?"

Herieth akaninyooshea simu. "Mjibu wewe, dada."

Nikabonyeza, nikasema taratibu ili nisilie: "Robert, wale walikuwa polisi. Vitu vya bosi wako wamevichukua. Herieth anarudi kesho, na huku hataruhusiwa tena. Mwombee."

Akapiga papo hapo. Hatukupokea. Dismas alikuwa ameshasimamisha teksi, nami nilikuwa namwinua Herieth kwa kwapa.